Watoto Wetu Wasomao Mbali Walale Wapi?

Bweni la kwanza la wanafunzi katika tarehe yetu halikuwa na mlango wala dirisha. Lilikuwa kivuli tu. Mtume wetu Muhammad (s.a.w.) alipohamia Madina, msikiti wake ulielekea kaskazini, upande wa Baiti-l-Mukaddas. Katika mwaka wa pili wa Hijra, kibla ilipogeuzwa kuelekea Makka, lile paa la makuti ya mtende lililokuwa upande wa kaskazini liliachwa palepale, na chini yake wakakaa masahaba wasio na mali wala jamaa mjini. Mchana walijifunza, usiku wakalala hapohapo. Mahali hapo paliitwa Suffa. Abu Huraira, ambaye hakuna sahaba aliyetupokelea hadithi nyingi kuliko yeye, alikuwa mmoja wa watu wake.

Twaomba msomaji apatazame mahali hapo kwa jicho la mjenzi. Mwalimu alikuwa jirani, maana vyumba vya nyumbani kwa Mtume vilishikana na msikiti. Mahali pa kusali palikuwa hatua chache. Na majirani walijua kuwa wapo, hata Ansari wenye mitende wakawa wakileta vichala vya tende na kuvitundika msikitini ili wale. Paa lenyewe lilikuwa duni, lakini mwanafunzi hakuwa mpweke.

Waislamu waliokuja baadaye waliyachukua mambo hayo wakayajengea kuta. Huko Baghdad, Khalifa al-Mustansir alifungua mwaka 631 wa Hijra, yaani 1234, chuo cha Mustansiriyya ukingoni mwa mto Tigris, chenye nafasi kwa madhehebu yote manne, na mwanafunzi akipewa hapo chumba na chakula pamoja na masomo. Chuo cha Ben Youssef huko Marrakesh, kilichojengwa upya mwaka 1564 na 1565, kina vyumba vidogo vipatavyo 130 vilivyozunguka ua mmoja wenye birika la maji katikati. Azhar ya Cairo nayo ilikuwa na riwaki, yaani kumbi za kukaa wanafunzi kwa nchi zao. Na watu wa Zeila na Uhabeshi, majirani zetu wa kaskazini, walikuwa na riwaki yao, iitwayo ya Jabarti. Na karibu zaidi na sisi, Habib Swaleh, aliyefariki mwaka 1935, aliuanzisha msikiti wa Riyadha huko Lamu, na wanafunzi wakaja kutoka sehemu nyingi za Afrika Mashariki kukaa na kusoma.

Haya si mapya kwa wasomaji wetu. Twayataja kwa sababu ya swali linaloulizwa leo na wazazi wengi wa nyanda za juu kusini: mtoto amefaulu, shule iko mbali, je, alale wapi?

KILOLO YENYE BARIDI NA KILOLO YENYE JOTO

Wilaya ya Kilolo ilikatwa kutoka Wilaya ya Iringa mwaka 2002. Asiyeijua hudhani ni nchi ya baridi tu, ya milima ya Udzungwa, chai na ukungu. Kumbe ni nchi mbili. Ukipanda Dabaga na Kidabaga utakuta mwezi wa Juni na Julai watu wamejifunika mablanketi mchana. Ukishuka kwa barabara kuu iendayo Morogoro, ukapita Ilula penye nyanya nyingi, ukafika Mtandika na Ruaha Mbuyuni, utakuta mibuyu, vitunguu na joto la kumfanya mtu alale nje. Yote hayo ni wilaya moja, yenye halmashauri moja. Na mara nyingi ramani ya bweni iliyochorwa kwa ajili ya mahali pamoja hujengwa vilevile mahali pengine, kana kwamba jua ni lile lile kila mahali. Kosa hili laonekana dogo, lakini atakayelilipia ni mtoto anayelala humo miaka minne.

Tangu Serikali ilipoanza mpango wa kila kata kuwa na shule ya sekondari, mnamo mwaka 2004 na kuendelea, na hasa tangu ada ilipoondolewa katika kidato cha kwanza hadi cha nne mwezi wa Januari 2016, watoto wa sekondari wameongezeka sana. Huo ni mwendo wa kheri. Lakini kata za milimani ni pana, na kutoka kitongoji cha mwisho hadi shuleni mtoto aweza kutembea saa mbili, na saa mbili za kurudi, akivuka mabonde katika mvua. Ndipo wazazi wengi wakaona heri wampangie chumba karibu na shule. Vijana wameliita jambo hilo geto. Ni chumba kimoja cha matofali, godoro, sufuria, jiko la mkaa, na msichana wa miaka kumi na minne akijitunza mwenyewe.

Hatutaki kuwalaumu wazazi. Mtu anayelima viazi na mahindi, akatoa fedha ya kodi kila mwezi ili mwanawe asome, amefanya jihadi. Lakini na tusijidanganye. Chumba kile hakina mlezi. Mlango wake hauna komeo la maana. Jioni anayegonga hajulikani. Mwezi wa Novemba 2021 Serikali iliruhusu wasichana waliopata mimba warudi shuleni baada ya kujifungua, na ni jambo la huruma; lakini ni bora zaidi msichana awe na mahali pa kulala ambapo hatahitaji huruma hiyo.

Na kuna hatari nyingine ya nchi ya baridi isiyosemwa vya kutosha. Mtu huliingiza jiko la mkaa chumbani apate joto, akafunga dirisha, akalala. Mkaa unaowaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Humshika mtu usingizini, asiweze hata kuinuka kufungua mlango. Mtume (s.a.w.) aliwakataza watu wasiache moto ukiwaka majumbani wakati wa kulala, na nyumba moja ya Madina ilipoungua usiku na wenyewe wamo ndani, aliwaambia kuwa moto ni adui yao. Wazee wetu walilifahamu katazo hilo kuhusu taa na majiko ya zama zile. Leo yafaa lisomwe katika kila nyumba ya wapangaji.

MLANGO WA PILI

Basi bweni la shule ni bora kuliko geto, nasi twalipendelea. Lakini bweni nalo laweza kuua, na hapa twaomba msomaji avumilie, kwa kuwa habari hizi ni nzito.

Mwezi wa Juni 1994 wasichana wapatao 40 waliungua katika bweni la shule ya sekondari ya Shauritanga, Rombo. Mwezi wa Machi 2001, huko Kyanguli katika Kenya, walikufa wavulana 67. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na vyuma. Mwezi wa Agosti 2009 msiba ukafika mkoani Iringa kwenyewe: wasichana 12 wa shule ya sekondari ya Idodi walikufa bwenini, na ilielezwa kwamba moto ulitokana na mshumaa. Mwezi wa Septemba 2020 walikufa wanafunzi 10 wa shule ya msingi ya Kiislamu ya Byamungu, Kyerwa. Mwezi wa Septemba 2024 walikufa watoto 21 katika shule ya Hillside Endarasha, Nyeri. Mwenyezi Mungu awape subira wazazi wao wote.

Tukizitazama habari za namna hii pamoja, sababu ya moto hubadilika: hapa mshumaa, pale waya. Kinachojirudia mara kwa mara ni namna jengo lilivyowazuia watoto kutoka. Nondo za madirishani huwekwa kwa nia njema, ili mwizi asiingie na mwanafunzi asitoroke; mlango hufungwa kwa kufuli nje kwa nia hiyohiyo. Nyumba iliyojengwa kwa hofu ya mwizi peke yake huwa mtego siku ya moto.

Kwa hiyo mzazi apelekaye mtoto bwenini, Kilolo au kwingineko, asione haya kuingia ndani na kutazama. Je, kuna milango miwili, kila mmoja katika ncha yake ya jengo? Je, yafunguka kwa kusukuma nje, maana watoto wakisongamana mlango uvutwao ndani haufunguki? Vyuma vya dirisha, hata kimoja katika kila chumba, vina bawaba na komeo la ndani lisilotaka ufunguo? Kati ya kitanda na kitanda mtu aweza kupita usiku bila taa? Na watoto wana taa gani ya kusomea? Taa ndogo ya nguvu ya jua bei yake si kubwa siku hizi, na ikianguka juu ya godoro haichomi. Shule za Kiislamu zingetangulia katika jambo hili, kwa kuwa katazo la kulala na moto ni letu, tumelipokea kwa isnadi sahihi.

JUA, KIBLA NA UDONGO

Sasa tuje kwenye ujenzi wenyewe, na humu Kilolo ina bahati ambayo fundi wengi hawajaitambua.

Nchi hii iko yapata nyuzi nane kusini mwa ikweta. Katika mwezi wa Juni, wakati wa baridi kali, jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini. Mwezi wa Disemba huwa juu ya utosi, limeinamia kusini kidogo. Basi jengo refu likiwekwa hivi kwamba kuta zake ndefu zatazama kaskazini na kusini, madirisha ya kaskazini yatapokea jua la Juni likaingia ndani na kupasha sakafu, na lile jua kali la asubuhi na la alasiri litapiga kuta fupi tu, zisizo na madirisha makubwa. Kule Dabaga upenu wa kaskazini usizidi kiasi, ili jua liingie; kule Ruaha Mbuyuni upenu urefushwe pande zote, na baraza iwekwe, na madirisha yakabiliane ili upepo upite. Hii ni hekima isiyoongeza hata mfuko mmoja wa saruji. Ni kuamua tu, kabla ya kuchimba msingi, jengo litazame wapi.

Na bahati yenyewe ni hii: kutoka Kilolo kibla iko karibu kaskazini hasa, imeelekea mashariki kwa nyuzi saba hivi. Jengo lililowekwa sawasawa kwa jua limekwisha kuwekwa karibu sawasawa kwa sala. Safu za wenye kusali zitafuata ukuta mrefu, wala chumba hakitapotea kwa pembe zisizotumika, kama tuonavyo katika majengo mengi ambamo mkeka wa kusalia hutandikwa mshazari. Vyoo navyo, ambavyo adabu yetu yataka visielekee kibla wala visiipe mgongo, vitatazama mashariki au magharibi bila taabu yoyote.

Kuhusu kuta, wazee wa Uhehe walikuwa na tembe, nyumba ndefu ya chini, iliyozunguka ua, yenye dari ya miti iliyofunikwa kwa udongo mzito. Udongo ule ulitunza joto la mchana mpaka usiku. Kisha bati likaja, likatupa paa lisilovuja; lakini bati hutoa joto lote mara jua lichwapo, na alfajiri ya Julai hutona umande juu ya waliolala. Hatusemi watu warudi kwenye tembe. Twasema bweni la milimani lisilo na dari ni nusu ya nyumba, na Kilolo mbao za misindano si adimu.

Matofali ya kuchoma ndiyo sifa ya nchi ya Iringa. Udongo ni mwekundu, mafundi ni hodari, na kila kijiji kina tanuri. Lakini tanuri hula kuni nyingi, na milima ya Udzungwa ndiyo chemchemi ya mito yetu. Watafiti wa nyumba wa Tanzania, ambao kitengo chao kilianzishwa mwaka 1971, wamefundisha kwa miaka mingi tofali la kufungamana, la udongo na saruji kidogo, linaloshindiliwa kwa mashine na kukaushwa bila moto. Hushikana lenyewe kwa lenyewe, na udongo wa kujengea katikati yake hauhitajiwi sana. Haliwezekani kila mahali, kwa maana udongo wenye mfinyanzi mwingi haufai mpaka uchanganywe mchanga. Lakini lijaribiwe kabla ya kukata mti.

Jambo la maji twalihesabu kwa tarakimu, ili kamati za shule zione. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Bweni la mita 15 kwa 8 lina paa la mita za mraba 120. Mahali panapopata milimita 1,000 kwa mwaka, paa hilo hupokea lita 120,000. Tuseme sehemu ya tano hupotea, zabaki 96,000. Wasichana 40 wakitumia lita kumi kumi kwa siku, ni lita 400. Kiangazi cha kuanzia Juni hadi Oktoba chataka lita 61,200, na tangi la kiasi hicho ndilo litakalowatosha mpaka mvua irudi. Ni tangi kubwa, kweli; lakini msichana aliyeamka usiku kufuata maji bondeni amekwisha kupoteza somo lake la alfajiri. Na kwa udhu, tukumbuke kuwa Mtume (s.a.w.) alitawadha kwa mudi moja, isiyofika lita.

NYUMBA ZA MJINI

Kijana akimaliza kidato cha sita, swali lilelile humfuata mjini. Iringa kuna Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, kilichoanza mwaka 2005 mahali palipokuwa shule. Kuna Chuo Kikuu cha Iringa cha Walutheri, na Chuo Kikuu cha Ruaha cha Wakatoliki. Mbeya kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, kilichopata daraja hilo mwaka 2012. Vijana wetu husoma katika vyote, na si haba. Mabweni ya vyuo hayatoshi, wengine hupanga mitaani. Kwa ajili hiyo watu wenye viwanja wanajenga vyumba vya kupangisha kwa haraka, mlango kwa mlango, kama maghala.

Twadhani nyumba ile ya kale ya Kiswahili, yenye ukumbi katikati, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, na ua nyuma, yafaa zaidi ikirekebishwa kidogo. Kasoro yake ni giza la ukumbi. Ukumbi ukipanuliwa, ukawekwa dirisha kubwa kila mwisho na meza ndefu ya kusomea, wanafunzi sita watapata mahali pa pamoja, wala hawatalazimika kukaribisha wenzao vyumbani, jambo linaloleta fitina. Meza za vyumbani ziwekwe mwanga wa dirisha utoke mkono wa kushoto wa mwandishi.

Serikali yenyewe imechagua ghorofa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipohamia Mlimani mwaka 1964 kilianza na mabweni ya ghorofa yenye veranda na upepo. Na mwezi wa Aprili 2017 hapohapo yalifunguliwa majengo 20 kwa wanafunzi 3,840, yaliyojengwa kwa miezi michache tu. Kabla mwaka haujaisha watu waliona nyufa wakashtuka. Wajenzi wakasema ni nafasi zilizoachwa makusudi jengo lipate kutanuka. Nafasi za namna hiyo kweli huhitajiwa katika jengo refu, lakini wakaaji wangeambiwa siku ya kwanza, wasingeogopa.

Ghorofa ni dawa ya mji wenye ardhi haba. Magomeni, Dar es Salaam, nyumba za kota zilizobomolewa ziligeuzwa majengo marefu, na mwezi wa Machi 2022 kaya 644 zikarudishwa. Lakini Zanzibar, katika maghorofa ya Michenzani yaliyojengwa miaka ya 1970, watu waliozoea baraza na ua waliyakosa yote mawili, wakashuka kuketi chini penye ngazi. Iringa bado ina ardhi. Kwa wanafunzi thelathini, nyumba ya chini au ya ghorofa moja yenye ua yatosha.

Na nani ataijenga? Vyuo vile vya Baghdad na Marrakesh vilidumu kwa wakfu. Morogoro tumeona mfano wa namna nyingine: Chuo Kikuu cha Waislamu kilianza mwaka 2005 katika majengo yaliyokuwa chuo cha shirika la umeme, wala hakikungoja kujenga kipya. Waislamu wa nyanda za juu si wengi, lakini mwenye nyumba ya vyumba sita mjini Iringa, ambaye watoto wake wamehama, aweza kuiwekea hati iliyosajiliwa, yenye majina ya wasimamizi, iwe wakfu wa wanafunzi wa kike watokao vijijini. Kodi kidogo ya wanaoweza italipa umeme na mshahara wa mlezi. Hati iseme wazi nani atatengeneza paa, maana nyumba nyingi za wakfu zimeanguka kwa kukosa maneno hayo machache. Na chumba cha mlezi kiwe karibu na mlango wa mbele, ili anayebisha usiku asikike, na anayetoka pia asikike.